Maua ya Baba Mdogo

Sipendi maua. Naomba niseme mapema, maana watu wakija kwangu wanakuta kiwanja kimefagiliwa, cheupe, hakina hata jani, na wananiuliza, "Mwalimu, mbona hupandi hata kaua kamoja?" Huwa nawajibu kwamba sina nafasi. Uongo mtupu. Nafasi ninayo tele. Ninachokosa ni moyo wa kukaa nikiangalia kitu cha manjano kinatambaa kuja mlangoni kwangu.

Maua ninayoyasema yalifika kwetu ndani ya gunia lililoloweshwa maji, yamefungwa kwenye keria ya baiskeli ya baba mdogo. Hakuwa wa tumbo moja na baba yangu. Babu zao ndio walikuwa ndugu. Lakini kwetu Tarime hilo halipunguzi kitu. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyekuwa mwanaume mkubwa wa ukoo upande ule wa mlima, tena jirani yetu, kwa hiyo mimi nilimwamkia kila nilipokutana naye na mama alimpelekea uji wa wimbi, yaani ulezi, kila alipopika. Miaka mingi alikuwa mtunza bustani kwenye kambi moja ya watalii huko Natta. Aliporudi alikuja na makoti mawili ya kaki, mkasi mkubwa wa kukatia majani, na hilo gunia.

"Haya Wazungu wanayapenda sana," alituambia huku akitoa vijiti vibichi kimoja kimoja, kwa adabu zote. "Ukipanda shina moja leo, mwaka kesho huoni ardhi."

Alikuwa anasema kweli tupu, na mimi mjinga nikacheka.

Hiyo ilikuwa miaka ya dhahabu. Mji ulijaa watu kutoka kila mkoa, wenye sururu na wenye suti, na hata mtu ambaye hajawahi kumiliki kuku alikuwa na mgawo wake kwenye shimo fulani. Mgodi mkubwa nao ulikuwa unapanuka, na kila wiki ilizuka habari mpya: safari hii watachukua mlima huu, hapana, watachukua bonde lile. Upande wa Kewanja watu walikuwa wameshaona mambo yanavyokwenda. Wanakuja wathamini na makaratasi yao, wanaandika nyumba, miti na mimea ya kila mtu, kisha mtu analipwa fidia na kuhama.

Basi watu wakaanza kutegesha. Kama hujui neno hilo, kutegesha ni kupanda na kujenga haraka haraka pale unapodhani mgodi utapita, ili siku ya kuandikwa ukutwe na mali. Nimeona nyumba zilizosimamishwa Jumamosi na kuezekwa Jumapili, hazina mlango, hazina dirisha, na hajalala humo hata panya. Nimeona miche ya michungwa imebanana mpaka kuku anazunguka kutafuta pa kupita. Watu wazima na akili zao, jamani!

Baba mdogo naye akategesha, ila kwa ujanja wa mtunza bustani. Alikuwa amesikia, sijui kwa nani, kwamba mimea ya kudumu inahesabiwa shina kwa shina. Mahindi ukivuna yamekwisha. Lakini ua lile halikuwa na habari ya kufa. Ukilikata leo, kesho kutwa limesimama. Tena lilikuwa linatambaa, na kila kifundo chake kikigusa udongo kinatoa mizizi, na kikitoa mizizi, kwa hesabu za baba mdogo hilo tayari ni shina jingine.

"Hebu fikiria, mwanangu," aliniambia siku moja, macho yamemtoka kwa furaha. "Mmea unaojizidisha wenyewe! Mimi kazi yangu ni kukaa tu."

Na kweli akakaa.

Sasa niwaambie kilichokuwa katikati ya boma lake na letu. Lilikuwa shamba la mama. Halikuwa kubwa, lilianzia kwenye mtaro wa maji ya mvua na kuishia kwenye mwamba mkubwa, na mpaka wa upande wa baba mdogo ulikuwa mstari wa katani zilizokatwa fupi. Mama alikuwa mke wa pili. Mashamba mengine yote yalikuwa ya nyumba kubwa, na baba alipokufa yakabaki huko kwa kaka zangu wa mama mkubwa. Hicho kipande kimoja mama alipewa na mama mkwe wake mwenyewe, mwaka niliozaliwa mimi, akalima wimbi humo maisha yake yote. Hakikuwa na hati, maana nani kwetu alikuwa na hati? Lakini kilikuwa chake. Bila hicho angekuwa mtu wa kwenda kuomba pa kulima kwa watoto wa mke mwenzie, na mama yangu alikuwa radhi kula majani kuliko kuomba.

Mvua za kwanza, maua yakavuka katani. Mama akaniita nikaone: ulimi mmoja wa kijani umepita kati ya katani mbili, na kwenye ncha yake kuna kaua ka manjano, kazuri, kanatabasamu. Mama akakang'oa, akakarusha kule kulikotoka. Wiki iliyofuata ndimi zilikuwa sita.

Tulipalilia mpaka viuno vikakataa. Wimbi halipaliliwi kama mahindi. Unachuchumaa, unachambua kwa mkono, maana likiwa changa limefanana na nyasi. Mama alichambua, mimi kwa kiherehere changu nikachukua jembe nikakatakata yale maua vipande vidogo vidogo, nikiwa na hasira hadi nasema peke yangu. Nilijisikia vizuri sana. Kumbe nilikuwa nampandia! Kila kipande kilichoangukia udongo kikatoa mizizi, na baada ya siku kumi palipokuwa na mmea mmoja pakawa na kitalu. Tukayakusanya tukayarundika kando ya mtaro, rundo likachanua. Tukayapelekea mbuzi, mbuzi wakanusa, wakatuangalia kana kwamba tumewatukana. Tukayachoma, mvua ya kwanza ikaja, yakarudi yamenawiri kuliko mwanzo.

Nikaenda kumwona mwenyewe. Na hapo ndipo palikuwa na mtihani, kwa sababu huwezi kumjia juu mtu ambaye lazima kwanza umwamkie.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Shule inaendeleaje?"

"Inaendelea vizuri. Baba mdogo, maua yako yameingia kwenye wimbi la mama."

"Maua yangu?" Aligeuka taratibu akayatazama kama mtu anayeonyeshwa mgeni asiyemfahamu. "Mimi nilipanda huku kwangu. Yakivuka, hayo siyo yangu tena. Hayo ni ya Mungu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Baba mdogo, naomba uyaondoe."

"Nitawezaje kuondoa kitu cha Mungu? Msalimie mama, mwambie uji wa jana ulikuwa mtamu."

Angekuwa mtu baki ningemtolea matusi ya nguoni pale pale, na nisingejuta mpaka leo. Lakini ni baba mdogo. Nikasema asante, nikaondoka na kichwa kinachemka. Siku nyingine nikarudi. Shikamoo, marahaba, maua, Mungu. Nikarudi tena. Nadhani nilimpa shikamoo nyingi mwaka ule kuliko alizopata kwa watoto wake wote, na hakuna hata moja iliyotoka moyoni.

Mavuno ya kwanza mama alipata nusu ya alichozoea. Mwaka uliofuata alimwaga mbegu, mbegu zikaota, na kabla hazijafika urefu wa kidole maua yakazifunika. Alisimama kwenye mtaro akiangalia, mikono kiunoni. Palikuwa hapana wimbi, hapana katani, hapana njia; kuanzia kwa baba mdogo mpaka kwenye mwamba lilikuwa busati moja la manjano. Wapita njia walikuwa wanasimama kulisifia. Mwanamke mmoja akamwomba mama shina la kupanda! Mama akamjibu kwa upole kwamba yale si yake, aende kwa mwenyewe. Mimi ningempa jembe la kichwa.

Ndipo nikaamua kuandika barua. Nilikuwa nafundisha Kiswahili darasa la sita, na barua ya kiofisi kwangu ilikuwa ni kama kunywa maji. Nilikaa na karatasi safi, nikaweka anuani mbili, kichwa cha habari kwa herufi kubwa, nikapiga mstari kwa rula. Niliandika kwa serikali ya kijiji kwamba maua yote yaliyopo kuanzia kwenye mtaro wa maji hadi kwenye mwamba mkubwa ni mali ya baba yetu mdogo, kwamba yeye ndiye aliyeyapanda, ndiye mwenye nayo, wala mama yangu hahusiki nayo hata kidogo, na kwamba mwenye maua atambuliwe rasmi ili awajibike. Nikaisoma. Nikaisoma tena. Jamani, ilikuwa barua! Nilikuwa nimemkaba kila upande. Safari hii asingesema ni ya Mungu.

Mama hakujua kusoma. Nilimwita, nikampa kisanduku cha wino.

"Inasema nini?"

"Inasema maua ni yake, si yako, na ayaondoe."

"Basi?"

"Basi, mama. Unataka iseme nini tena?"

Akafikiri kidogo. "Umeandika kwamba shamba ni langu?"

"Ala, mama! Hilo si linajulikana? Nani hajui?"

Akaweka dole gumba kwenye wino, akalibandika pale nilipomwonyesha. Alibandika kwa nguvu, akalizungusha kidogo ili litokee vizuri.

Kesi ilisikilizwa baada ya majuma matatu. Wiki hiyo hiyo kulikuwa na wageni waliovaa viatu vikubwa wakizunguka mlima wetu na vyombo vyao vya kupimia, lakini mimi sikuwa na muda wa kuangalia viatu vya watu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno. Nilijua atakana, na nilikuwa na jibu kwa kila namna ya kukana.

Barua ikasomwa. Baba mdogo akasimama, amevaa koti la kaki lililopigwa pasi, akashika kofia mkononi.

"Mwanangu amesema kweli," alisema. "Ni yangu. Nimekosa kwa kumsumbua shemeji. Kuanzia mtaroni mpaka mwambani, yote ni yangu. Naomba iandikwe hivyo hivyo kama mwalimu alivyoandika."

Ikaandikwa. Nakala zikapigwa mhuri: moja ya ofisi, moja yetu, moja yake. Akaomba apewe muda mpaka mvua zipungue ndipo ayang'oe, akapewa. Na mimi nikatoka pale nimevimba kichwa, natembea katikati ya barabara. Nilimnunulia mama soda. Nilimwambia, "Umeona? Kalamu hiyo!" Akanywa soda yake yote akanishukuru.

Kumbukumbu hiyo ya soda ndiyo inayoniuma kuliko zote.

Hata miezi miwili haikupita. Nilikuwa darasani, mwalimu mwenzangu akaja dirishani akaniambia wathamini wako kwetu. Niliacha chaki nikakimbia na viatu mkononi. Nilipofika, baba mdogo alikuwa amesimama katikati ya shamba la mama, maua yamemfika magotini, ameshika kibao chenye namba kifuani kama watu wanavyoshikishwa, na mtu mwenye kamera anamwambia asogee kushoto kidogo. Naye anasogea! Anatabasamu!

"Shikamoo, baba mdogo," nikasema. Ilitoka yenyewe. Mdomo wangu ulishazoea.

"Marahaba, mwanangu."

Nikamgeukia mthamini, kijana mpole aliyetoka mkoa wa mbali, nikamwambia hili shamba ni la mama yangu, ameonyeshwa uongo. Hakunibishia. Akaniuliza nina karatasi gani. Kabla sijajibu, baba mdogo alishatoa ya kwake, ameiweka ndani ya nailoni isipate unyevu.

"Mwalimu, huu mwandiko ni wako?"

"Ni wangu, lakini..."

"Hapa umeandika yeye ndiye mwenye nayo. Mama yako hahusiki nayo."

"Maua! Niliandika maua! Nimesema shamba?"

"Hujasema shamba," akasema, na hakuwa anabishana, alikuwa ananikubalia. "Sasa nionyeshe mpaka."

Nikapiga magoti nikaanza kufukua ile mimea kwa mikono, natafuta katani. Nilijua zilipo, nimekua nazikwepa zisinichome. Nikafukua pa kwanza, hapana. Pa pili, hapana. Pa tatu nikagusa udongo laini, palipochimbwa pakafukiwa. Aling'oa! Mtu mzima, mwenye mvi, alikuwa ameingia chini ya maua yake kama panya na kung'oa katani moja baada ya nyingine, na sisi tulikuwa tunapita pale kila siku hatuoni chochote kwa sababu ya huo uzuri uliotandazwa juu. Nikamnyooshea kidole nikapiga kelele kwamba ni mwizi. Ndiyo, nilimwita baba yangu mdogo mwizi mbele ya watu, na ningemwita tena. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akamwambia yule kijana kwamba wasomi wa siku hizi wamepoteza adabu.

Mama alikuwa amekuja, amesimama kwenye mtaro. Alishuka polepole mpaka kwa mthamini.

"Mwanangu, hebu nionyeshe hilo dole."

Kijana akamwinamishia karatasi. Mama akaweka dole gumba lake kando ya ile alama, akalinganisha kwa muda mrefu, kama anayetazama punje za mbegu.

"Ni langu," akasema. Akageuka akaenda zake nyumbani.

Wazee wa ukoo tuliwaita. Walikula, wakanywa, wakatuambia ardhi haijatoka nje ya ukoo, kwa hiyo kilio cha nini? Imetoka kwa mama ikaenda kwa shemeji yake, wote ni wale wale. Nikauliza, kama wote ni wale wale, mbona haijatoka kwa shemeji ikaja kwa mama? Nikaambiwa ninyamaze, niende nikalete maji ya kunawa. Nikayaleta, jamani. Niliyaleta, nikawamiminia mmoja mmoja, na kwa hasira nikawalowesha mikono ya mashati.

Halafu mgodi haukuja. Baada ya makelele yote hayo, mstari wa mgodi ulipita ng'ambo ya mlima, wala hawakugusa hata jiwe letu. Nyumba zisizo na milango zikaanza kuanguka zenyewe. Baba mdogo hakuhama, hakulipwa, hakupata chochote alichotegeshea. Ila daftari la kijiji lilishajazwa kufuatana na fomu za wathamini, na ndani ya daftari shamba la mama lilikuwa na jina la baba mdogo. Nikadhani angalau sasa ataona aibu alirudishe. Loh! Alisema yeye hana neno, lakini karatasi ndizo zinazosema, na karatasi aliandika mwalimu. Maua hakuyang'oa. Hakulima hapo hata tuta moja.

Mama alienda nyumba kubwa akaomba. Sikuwepo alipoomba, na ninashukuru. Kaka zangu walimpa kona ya mawe chini ya njia, ambapo wimbi hutoka kidogo na ndege hulimaliza. Akalima hapo. Hakunilaumu hata siku moja, na mimi niliomba anilaumu, anipige hata kofi, maana nilikuwa naweza kugombana na dunia nzima ila si na mtu aliyenyamaza.

Nikaandika tena, safari hii wilayani. Niliandika kila kitu: mama mkwe, katani, mashimo. Kurasa nne. Mama akaweka dole bila kuuliza kitu.

Majibu yalichukua muda mrefu. Yalipofika tulikuwa tumekaa nje ya jiko tunachambua maharage, mimi na yeye. Aliyeyaleta alimkabidhi mama bahasha kwa sababu jina lililoandikwa juu lilikuwa lake. Mimi nikafuta mikono kwenye kanga, nikanyoosha mkono kuipokea.

Mama akasimama. Akaikunja bahasha, akaifunga kwenye pindo la kitenge, akashuka njia ya kwenda senta, kwenye duka la mzee mmoja Mwislamu anayeuza vitambaa. Nilimwona anatembea bila haraka mpaka alipopotea kwenye kona. Sikumfuata.

Alirudi maharage yamekwisha. Alikaa kwenye kigoda chake, akanyoosha miguu.

"Wamesemaje?" nikauliza.

"Shamba ni la baba yako mdogo."

Nikasema hao watu ni wapumbavu, hawajui kusoma, nitakwenda mwenyewe huko wilayani nikawaonyeshe cha mtema kuni. Niliongea sana. Nilipochoka nikamuuliza kwa nini amejichosha kwenda senta yote hiyo na mwalimu amekaa hapa nyumbani.

"Nilitaka kusomewa kila neno," mama alisema, akavuta ungo karibu, akaanza kuchambua upya maharage niliyokwisha kuchambua.